Kompresa Ndogo na Bunduki ya Misumari: Maswali Wanayouliza Mafundi Wanaoanza

Boksi la bunduki ya misumari likifunguliwa kwa mara ya kwanza pale karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, watu husogea. Kila mtu anataka kuishika. Dakika kumi baadaye msumari umebaki nusu juu ya mbao, kompresa inaguna, na maswali yanaanza. Haya hapa chini ndiyo yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu ninayowapa vijana wetu. Yanahusu kompresa ndogo za umeme wa nyumbani, za lita 24 hadi 50, na bunduki za misumari miembamba na za pini za sofa, zile zenye miguu miwili za kufungia kitambaa. Utaona jambo moja likijirudia: wengi huilaumu bunduki wakati kosa liko kwenye upepo.

Nyundo ninayo. Kompresa ya nini?

Nyundo usiitupe. Faida ya bunduki ni kwamba mkono mmoja unabaki huru. Chukua mfano wa ukingo wa kabati. Ukitumia nyundo, mkono mmoja umeshika msumari, mwingine umeshika nyundo, na kipande chenyewe kinateleza juu ya gundi mbichi kabla msumari haujaingia. Kwa bunduki unakishika kipande palepale unapokitaka, unapiga mara moja, kimekaa, na viungo ulivyofunga asubuhi havijatikisika. Tundu linalobaki ni dogo, puti kidogo na msasa vinalifuta.

Ila uelewe kazi ya msumari huo mwembamba. Unashikilia wakati gundi inakauka. Nguvu ya kiungo inatoka kwenye gundi na kwenye namna ulivyokikata. Nimeona stuli zilizofungwa kwa misumari ya bunduki peke yake, bila gundi. Baada ya miezi michache zinacheza, na mteja anazirudisha.

Ninunue kompresa ya ukubwa gani?

Bunduki ya misumari miembamba hainywi upepo mwingi. Kila pigo linachukua pumzi moja fupi. Kwa fundi mmoja, tangi la lita 24 au 25 lenye mota ya hosipawa 1.5 au 2 linatosha kabisa. Likijaa hadi bar 8 (bar ni kipimo cha presha) unapiga makumi ya misumari kabla mota haijawaka tena kujazia. Mkiwa wawili mnachangia kompresa moja, au kazi yako ni sofa kutwa nzima, chukua lita 50.

Usivutwe na hosipawa iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Tafuta namba ya lita kwa dakika, kisha muulize muuzaji kama ni upepo unaovutwa na mashine au unaotoka. Unaotoka siku zote ni kidogo kuliko unaovutwa, na ndio unaofika kwenye bunduki yako.

Kompresa hizi hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ukiona mota yako inazunguka zaidi ya inavyopumzika, ama una upepo unaovuja mahali, ama kazi imeizidi.

Ya oili au isiyo na oili?

Ya oili hudumu muda mrefu zaidi ikitunzwa, lakini ina kelele, ni nzito, na haipendi kulazwa ubavu kwenye bodaboda au bajaji. Isiyo na oili ni nyepesi, na zile zilizotengenezwa kuwa na sauti ya chini zinakuruhusu kuongea na mteja huku inajaza. Kama unakwenda kufanya kazi ndani ya nyumba za watu, kufunga sketingi na fremu za milango, nakushauri hii ya pili. Kama mashine haitoki karakanani, chukua ya oili.

Ukinunua ya oili, angalia kitu kimoja kabla ya kuiwasha. Nyingi husafirishwa zikiwa na kizibo cha plastiki pale juu kwenye sehemu ya kutilia oili, na kile kizibo halisi chenye tundu la kupumulia kimewekwa kwenye mfuko pamoja na magurudumu. Badilisha kizibo, tia oili ya kompresa hadi kwenye duara jekundu la kidirisha cha pembeni, ndipo uwashe. Kuna ambazo zimeungua siku ya kwanza kwa kuwashwa kavu.

F30, F50, T50, ST64, 1013J: hizi namba zinamaanisha nini?

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Herufi ni familia ya msumari, namba ni urefu. Msumari wa F30 ni wa familia ya F wenye milimita 30. Bunduki iliyoandikwa F30 inameza misumari ya F ya milimita 10 hadi 30. Ile ya F50 inafika milimita 50. Familia hii ya F ndiyo misumari ya geji 18 (geji hapa ni kipimo cha unene), na ndiyo ningemwambia anayeanza aanze nayo, kwa sababu inafaa kwa ukingo, droo, hadibodi ya nyuma ya kabati na fremu za picha.

T ni misumari minene zaidi, geji 16. Kumbuka kwamba kwenye geji, namba ikiwa kubwa msumari unakuwa mwembamba. Kwa hiyo geji 23 ni pini nyembamba isiyo na kichwa, geji 18 ni ya kawaida, geji 16 ina nguvu zaidi na inaacha tundu kubwa zaidi. ST ni misumari migumu ya kupigia kwenye zege, bunduki yake ni tofauti kabisa.

Pini za sofa zinasomwa namna nyingine. Kwenye 1013J, 10 ni aina, ambayo mgongo wa pini una upana wa karibu milimita 11, na 13 ni urefu wa miguu. Ile ya aina ya 80 ina mgongo wa karibu milimita 13. Hazibadilishani. Pini ya 80 haiingii kwenye bunduki ya aina ya 10 hata ukiilazimisha, na ukilazimisha utaharibu ulimi unaosukuma pini. Unapokwenda dukani, beba kipande kimoja cha misumari ya zamani mfukoni. Ni salama kuliko kutegemea kumbukumbu.

Nichague urefu gani wa msumari?

Kanuni ya zamani ya maseremala inafanya kazi hapa pia: msumari uwe karibu mara tatu ya unene wa kile kipande cha juu unachokifunga. Ukingo wa milimita 9 unataka msumari wa 25 au 30. Kisha pima unene wa vyote viwili pamoja, cha juu na cha chini, uhakikishe ncha haitatokea upande wa pili.

Niweke presha ngapi?

Soma kwanza ubavuni mwa bunduki yako. Kuna namba ya juu kabisa isiyovukwa, na nyingi ni kati ya bar 7 na 8, yaani karibu PSI 100 hadi 116. Bar moja ni PSI 14.5, itakusaidia kama geji yako ya presha imeandikwa kipimo kimoja tu.

Kompresa ina geji mbili. Moja inaonyesha upepo uliomo tangini, nyingine inaonyesha upepo unaotoka kwenda kwenye mpira wa upepo baada ya kupita regyuleta, kile kifaa cha kurekebisha presha. Wanaoanza huangalia ya tangi, wakaona 8, wakadhani ndiyo wanayopigia. Angalia ya pili.

Namna ninavyoipata presha ni hii. Nachukua kipande cha mabaki cha mbao ileile ninayoifanyia kazi, siyo nyingine. Naanza na bar 4. Napiga msumari mmoja, napitisha kidole juu yake. Kama kichwa kinakwaruza, naongeza regyuleta kidogo sana, napiga mwingine. Naendelea hivyo hadi kichwa kizame chini ya uso wa mbao kiasi cha unene wa ukucha. Hapo nasimama. Kwa paini la Sao Hill mara nyingi nafika bar 5 tu. Kwa mninga mkavu napanda hadi 6 au 6.5. Kwa MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa, inategemea, kwa sababu uso wake ni mgumu na tumbo lake ni laini, hivyo presha ikizidi msumari unatoboa uso na kubaki unaelea ndani.

Presha ikizidi huoni faida yoyote. Unaua mpira wa ndani unaopokea kishindo cha pistoni, na msumari unapita ulipotakiwa kusimama. Kama bunduki yako ina gurudumu dogo karibu na kifyatulio la kurekebisha kina, weka presha ya wastani kisha malizia kwa gurudumu hilo.

Naunganishaje vitu hivi kwa mara ya kwanza?

Funga nyuzi za skrubu za viungo vyote kwa tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzuia kuvuja) kabla ya kukaza kwa spana, ukizungusha tepu kwa mwelekeo wa kukazia ili isijifungue. Mpira wa mita 10 wenye tundu la milimita 8 unatosha.

Jambo ambalo wengi hulikosea: ile ncha ya kiume isiyo na valvu ndiyo inayofungwa kwenye bunduki, na kapla, yaani kiungo cha kike chenye valvu, inabaki kwenye mpira. Ukifunga kinyume, kapla yenye valvu ikawa kwenye bunduki, utachomoa mpira ukidhani umemaliza, kumbe kuna upepo umefungiwa ndani. Bunduki hiyo bado inaweza kupiga msumari mmoja. Ncha ya kiume ikiwa kwenye bunduki, ukichomoa tu unasikia "psss" na imekufa.

Wakati wa kuchomeka mpira, reli ya misumari iwe tupu, kidole kisiguse kifyatulio, na mdomo wa bunduki uelekee kwenye kipande cha mbao sakafuni, mbali na miguu. Kuna bunduki ambazo hujifyatua mara moja zikipata upepo wa ghafla. Ikitulia, ndipo tia misumari.

Mota inaguna lakini haizunguki, au inaangusha breka. Imeungua?

Mara nyingi haijaungua. Kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshazunguka, na ikikosa umeme huo inabaki inaguna. Zima mara moja, maana kuguna kwa dakika moja kunaweza kuiunguza kweli.

Kisha angalia ekstensheni. Hii ndiyo sababu namba moja ninayoikuta. Mtu ana waya mwembamba wa kuchajia simu, mita 20, umezungushwa kama kamba, na juu yake kuna feni na redio. Chomeka kompresa moja kwa moja ukutani. Ikizunguka vizuri, tatizo ni waya. Ukilazimika kutumia ekstensheni, iwe fupi, ya nyuzi za milimita mraba 2.5, na uinyooshe yote. Kilicho bora zaidi ni kuiacha kompresa karibu na soketi na kurefusha mpira wa upepo. Presha inayopotea kwenye mpira wa ziada wa mita 10 ni ndogo kwa bunduki ya misumari, na unaweza kuifidia kwenye regyuleta. Volti zinazopotea kwenye waya mwembamba zinaiua mota.

Sababu ya pili wengi hawaijui, nayo inatuhusu sana kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi. Kompresa ikijaza na kujizima yenyewe, utasikia pumzi fupi ikitoka chini ya swichi ya presha. Pumzi hiyo inapunguza mzigo juu ya pistoni ili mota iweze kuanza tena kirahisi. Umeme ukikatika katikati ya kujaza, pumzi hiyo haitoki. Umeme unarudi, mota inajaribu kuanza huku imekandamizwa na upepo, inaguna. Dawa ni rahisi: bonyeza ile swichi nyekundu ya juu ya kompresa, usikie "psss", subiri kidogo, washa tena. Ndiyo maana umeme ukikatika tunaizima pale pale kwa swichi yake, hatuiachi imewashwa ikisubiri umeme urudi wakati tumekwenda kula.

Kama baada ya hayo yote bado inaguna, na unaweza kuisukuma feni yake ikazunguka baada ya kuchomoa umeme na kutoa upepo wote, mwite fundi umeme aangalie kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza.

Naweza kuendesha kwa jenereta?

Ndiyo, lakini siyo zile ndogo za kubeba kwa mkono mmoja. Kwa mota ya hosipawa 1.5 tafuta jenereta ya kVA 3 au zaidi, kwa ajili ya ule mvuto wa mwanzo.

Niweke oili kwenye bunduki yenyewe?

Kama kijitabu chake hakijasema vinginevyo, ndiyo. Matone mawili au matatu ya oili ya zana za upepo, pale inapoingilia upepo, kila asubuhi. Kisha piga misumari michache kwenye mabaki ili oili ya ziada itoke isije ikachafua kitambaa cha mteja.

Usitumie zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu. Zinaosha mafuta yaliyomo na kuziharibu oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja. Oili ya injini ya gari nayo iache. Bunduki ambayo inapiga kwa nguvu asubuhi kisha inalegea mchana, mara nyingi inalia njaa ya oili.

Msumari unapinda na kutokea pembeni mwa mbao. Kwa nini?

Ncha ya msumari wa F imekatwa kama patasi. Ikikutana na nyuzi ngumu za mbao, au jicho la mbao, inafuata njia iliyo rahisi, na njia hiyo inaweza kuwa kushoto, kulia au kurudi juu. Mninga na mkongo hufanya hivyo sana. Geuza bunduki robo mzunguko ili msumari uingie kwa upande mwingine wa patasi yake, jaribu kwenye mabaki, mara nyingi tatizo hupungua. Tumia msumari mfupi zaidi pamoja na gundi. Epuka miisho ya mbao, ambako inapasuka, na ruka kila jicho unaloliona. Kwa mkongo mkavu natoboa kwanza kwa drili, hakuna njia ya mkato.

Sasa naomba unisikilize. Mwaka wangu wa kwanza na bunduki nilikuwa nafunga ukingo wa mkongo kwenye meza, msumari wa milimita 40, kidole gumba cha kushoto kimeshika ukingo sentimita mbili tu kutoka mdomoni. Msumari uligusa kitu kigumu ndani, ukakunja kona, ukatokea ubavuni ukiingia kwenye nyama ya kidole. Sikuhisi maumivu mara moja. Niliona tu kwamba siwezi kuuondoa mkono mezani. Mwenzangu ndiye aliyechomoa mpira kabla ya kufanya kitu kingine chochote, na hadi leo namshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo kanuni yetu: mkono ukae mbali na mdomo wa bunduki zaidi ya urefu wa msumari uliomo, na mbali zaidi kama mbao ni ngumu. Kipande kikiwa kidogo mno kushikika kwa umbali huo, kifunge kwa klampu.

Msumari umenipiga mkononi. Nifanye nini?

Chomoa mpira. Kaa chini. Kama msumari umezama, umekaribia kifundo cha kidole au umegusa mfupa, usiuvute mwenyewe. Funga kwa kitambaa safi bila kuukandamiza, nenda hospitali. Misumari ya bunduki imeunganishwa kwa gundi, na vipande vyake hubaki ndani ya jeraha hata tundu likionekana dogo. Mwambie daktari mara ya mwisho ulipata lini chanjo ya pepopunda. Tundu dogo ndilo linalodanganya watu, wanalifunga plasta na kurudi kazini.

Kile kitu kinachosogea mdomoni mwa bunduki kinanisumbua. Niking'oe?

Hapana, tafadhali. Hicho ndicho kinachozuia bunduki isipige hewani. Nimeona kimefungwa kwa waya ili kazi iende haraka, na kila nikiona nakifungua.

Kuna namna mbili za kufyatua. Kwenye ya kwanza unagusisha mdomo kwenye mbao, kisha unavuta kifyatulio, na kwa kila msumari unarudia. Kwenye ya pili unashikilia kifyatulio muda wote, na kila mdomo unapogusa kitu, msumari unatoka, hata kama kitu hicho ni goti la mwenzako. Mwongozo wa mwaka 2011 wa OSHA na NIOSH, taasisi za Marekani za usalama kazini, unasema hatari ya kuumia ni mara mbili kwa namna hii ya pili. Huko Marekani, kati ya 2001 na 2005, wastani wa watu 37,000 kwa mwaka walitibiwa vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Anza na ya kwanza, na ukae nayo.

Bunduki nyingi za pini za sofa hazina kizuizi hicho kabisa. Ukiivuta inapiga, popote ilipoelekea. Ukiziacha mezani na upepo ndani, mtoto wa jirani akiingia, huna la kujitetea.

Inapiga lakini msumari hautoki. Au unakwama.

Chomoa mpira kwanza. Kisha toa misumari yote kwenye reli, fungua mlango wa mdomo, ondoa uliopinda kwa koleo jembamba. Usichokonoe kwa bisibisi mbele ya mdomo huku mpira umechomekwa.

Ikijirudia, angalia kama misumari ni ya familia sahihi, kama haijaota kutu, na kama reli haijajaa unga wa mbao. Misumari iliyokaa wazi msimu wa mvua hapa Dar hushika kutu na kugoma kuteleza. Rudisha boksi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa.

Inavuja upepo hata nisipopiga.

Chukua maji ya sabuni, pakaza kwenye kila kiungo kuanzia tangi hadi bunduki. Povu litakuonyesha. Kama linatoka kwenye nyuzi, rudia tredi tepu. Kama linatoka kichwani mwa bunduki, ni skrubu zilizolegea au oringi. Kama linatoka kwenye kifyatulio, weka tone la oili na upige mara kadhaa, na isipopona, oringi yake imekwisha.

Naweza kuitumia kwenye kenchi, dari au ukuta?

Kenchi, hapana. Kenchi inabeba bati na upepo wa masika, inataka misumari ya inchi tatu na nne, na msumari wa geji 18 hapo ni kujidanganya. Bodi za jipsam hufungwa kwa skrubu. Ukuta wa zege una bunduki yake ya ST, nayo inarudisha vipande vya zege usoni, usiiguse bila miwani.

Kompresa hiyohiyo inaweza kujaza tairi na kupaka rangi?

Tairi ndiyo, bila shida. Kupuliza vumbi mezani ndiyo, ila kamwe usijipulizie mwilini kuondoa unga wa mbao, upepo wa presha unaweza kupenya ngozi na kuumiza jicho.

Rangi ni habari nyingine. Bunduki ya rangi inakunywa upepo mfululizo, lita nyingi kwa kila dakika, na tangi la lita 25 litaishiwa katikati ya mlango. Unaweza kupaka kiti au kimeza kwa bunduki ndogo, kwa subira. Kabati zima, azima kompresa kubwa.

Sina kompresa, ila jirani yangu fundi wa kuchomelea ana mtungi wa oksijeni wenye presha. Unafaa?

Usithubutu. Oksijeni ikikutana na oili ndani ya bunduki inaweza kulipuka mkononi. Hata mtungi wa gesi ya kupikia usiutumie. Ni hewa ya kawaida tu, kutoka kwenye kompresa.

Nivae nini?

Miwani ya kazi kila wakati, na viziba masikio kama kompresa ni ya oili na mko ndani. Viatu vilivyofunikwa mbele. Wenzako waliosimama karibu nao wavae miwani.

Nimepata ya mtumba kwa bei nzuri. Nikague nini?

Tangi kabla ya mota. Mota inatengenezeka. Inamisha kompresa, tazama tumbo la chini palipo na koki ya kutolea maji. Ukiona kutu iliyovimba, unyevu, au alama ya kuchomelewa, iache hata ukipewa bure. Tangi lililotoboka kwa kutu limeliwa kwa ndani, kuziba tundu moja hakurudishi unene wa chuma uliokwisha, na tangi la presha likipasuka hulipuka kama bomu.

Likiwa zima, iwashe ikiwa tupu, hesabu dakika hadi ijizime. Iache robo saa. Geji ikishuka sana, inavuja. Vuta ile pete ya valvu ya usalama, upepo utoke kwa nguvu na valvu ijifunge yenyewe ukiiachia.

Jioni nikimaliza, niiache na upepo hadi kesho?

Usiiache. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kompresa inapoibana, unyevu huo unageuka maji na kutulia chini ya tangi. Maji yakibaki huko usiku baada ya usiku, kutu inaanza. Mengine yanasafiri na upepo hadi kwenye bunduki yako, yanaosha oili, na msumari unaanza kutoka kwa uvivu.

Zima, chomoa umeme, chomoa mpira, shusha presha hadi karibu bar 1 au 2, kisha weka kopo chini na ufungue koki taratibu huku umeinamisha tangi kuelekea kwenye tundu. Kwetu msimu wa masika linatoka karibu nusu glasi. Maji ya rangi ya chai nyepesi ni kawaida kwa mashine ya muda kidogo. Yakiwa meupe kama maziwa, kuna oili inapita pamoja na upepo, angalia kiwango cha oili na hali ya ringi za pistoni. Yakitoka na magamba ya kutu yanayokwaruza ukiyasugua kwa vidole, tangi hilo usilijaze tena.

Acha koki wazi hadi asubuhi.